Usizime: Miaka Ishirini na Sita ya Mzee Respicius kwenye Dawati la Wageni

Mzee Respicius Rwechungura anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Idara ya Mifumo na Mitandao ya chuo chetu hapa Guangzhou kwa miaka ishirini na sita, miezi minne na siku tisa. Hesabu hiyo ni yake. Mimi niliandika miaka ishirini na sita, akanirudisha nikaongeze miezi, kisha akanirudisha tena nikaongeze siku. Nashukuru hakuniomba saa.

Naandika mimi, Judica, kwa sababu sisi wawili ndio Dawati la Wageni zima: meza mbili, birika moja na dirisha namba tatu, tunapohudumia wanafunzi wa nje wanaoshindwa kuingia kwenye mtandao, kwenye mfumo wa matokeo, au kwenye lugha yenyewe. Kiti cha pili nimekikalia miaka kumi na moja. Kwenye ukurasa wa mbele wa programu hii ya sherehe ya kumuaga mtaona wasifu mwingine wa Kichina, ulioandikwa na Mkurugenzi Liang mwenyewe. Una aya tatu na picha ambayo mstaafu amefumba macho. Huu wa Kiswahili haujaidhinishwa na mtu, kwa kuwa idarani hakuna anayeusoma isipokuwa mstaafu na mimi, na mstaafu amezuiwa kuuona mpaka pilau iive. Kwa hiyo nitasema yote, pamoja na jambo la mashine ya chini ya ngazi, ambalo halijawahi kusemwa hadharani. Mkosaji ni mimi, na nusura dada mmoja aliyemo humu ukumbini arudishwe nyumbani bila shahada yake.

Lakini tuanze kwa utaratibu, maana Mzee anapenda utaratibu kuliko chakula.

Alifika hapa mwaka 1993 kwa ufadhili wa masomo, akitokea Kamachumu, Bukoba. Alikuja na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vyeti kuanzia cha darasa la kwanza, kwa sababu Mhaya hasafiri bila ushahidi. Alisoma Kichina mwaka mmoja, akasoma uhandisi, akafaulu vizuri. Mnamo mwaka 1999, siku chache kabla ya kurudi nyumbani, mtu wa ofisi ya mitihani alimwomba amwangalizie printa iliyogoma. Aliiangalia siku tatu. Siku ya nne ilichapa, na idara ikampa mkataba wa mwaka mmoja ili awepo ikigoma tena. Printa ilikufa mwaka 2004, naye akabaki. Wachina wenzetu humwita Lao Rui, yaani Rui mkongwe, na wamekuwa wakimwita hivyo tangu akiwa na miaka thelathini na tano. Nadhani ni ule mkoba wake wa kahawia.

Kazi iliyomtambulisha kwa wengi wenu ni matangazo. Matengenezo yetu hufanyika kila Alhamisi mchana, na tangazo la matengenezo kwa kawaida ni mistari miwili: nini kinazimwa, mpaka saa ngapi. Mzee hajawahi kuandika mistari miwili maishani mwake. Alikua akisikiliza matangazo ya vifo redioni, na ndiyo fasihi aliyoihifadhi. Hili hapa ni la Novemba iliyopita, nimelinakili kama lilivyo: “Kwa masikitiko makubwa, Dawati la Wageni linatangaza kuzimwa kwa mtandao wa bweni namba sita, kutakakotokea Alhamisi saa nane mchana. Mtandao huo umeacha ruta nne na swichi mbili. Habari hizi ziwafikie wakazi wa ghorofa ya kwanza hadi ya tisa, ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo.” Kuna mwaka mwanafunzi mmoja wa Kigoma, ndiyo kwanza amefika, alikuja dirishani amevaa nguo nyeusi kutoa pole. Mzee aliipokea. Hakuona kosa lolote kwenye tangazo, na alisema huyo kijana amelelewa vizuri.

Kisha kuna nyaya. Idara zote duniani hufunga nyaya kwa vibanio vya plastiki. Mzee anasema vibanio vya plastiki havina maelezo. Yeye hufunga kwa vipande vya vitambaa anavyopewa na Marijani, mfanyabiashara wetu wa soko la vitambaa la Zhongda, ambaye humkatia kutoka kwenye sampuli. Kitenge chekundu maana yake usiguse. Maua ya njano, uliza kwanza. Bluu yenye mistari ni waya wa Mkurugenzi, gusa kwa adabu. Walipokuja mafundi wa nje kukagua chumba cha mitambo, walipiga picha kwanza kabla ya kukagua, na mmoja akauliza kama kuna harusi. Marijani, ambaye leo amefunga duka kwa ajili ya shughuli hii, naye ana malalamiko yake. Huwa anamwambia, “Mzee wangu, kaa mbali na hizo rangi mpya. Hiyo sampuli ni ya laoban. Nikimrudishia imekatwakatwa, kila mzigo nitakaoulizia ataniambia mei you.” Na kwa bosi wa kiwanda, mei you ikishatoka, hata ulie, mzigo hakuna. Mzee humsikiliza kwa heshima zote, kisha hukata.

Udhaifu wake wa tatu ni kwamba hajui kukataa. Amemtengenezea kompyuta mama mlinzi wa bweni la wasichana, mpishi wa kantini ya Waislamu, katibu wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa pamoja na binti wa katibu huyo. Hata seremala aliyeleta meza zetu aliondoka na simu iliyopona. Kwenye vikao nimewahi kulalamika, na maneno yangu yako kwenye kumbukumbu, kwamba Dawati la Wageni limegeuka gereji. Yeye hujibu kwa kuleta kopo la senene waliokaangwa, waliosafiri kutoka Kamachumu, na kulipitisha mezani. Mkurugenzi Liang huwala kwa mkono, hufunga mjadala, na kumbukumbu za kikao huandika kwamba hoja imejadiliwa.

Sasa tushuke chini ya ngazi.

Jengo letu lina kabati chini ya ngazi, pale ambapo majengo mengine huweka ndoo na mafagio. Mwaka 2009 Mzee aliweka humo kompyuta kuukuu, ya rangi ya meno ya mvuta kiko, isiyo na mfuniko. Juu yake alibandika karatasi: USIZIME, kwa Kiswahili, Kichina na Kiingereza, kwa mwandiko wake ule wa shule ya misheni. Tangu hapo kila tangazo la matengenezo lilimalizika kwa maneno yale yale: huduma zote zitasimama, isipokuwa mashine ya chini ya ngazi. Umeme wa jengo ukikatwa, mashine ile ilipewa betri yake. Tulipohamisha chumba cha mitambo, kila kitu kilihama, mashine ile ikabaki ikinguruma gizani. Wengi tuliuliza inafanya nini. Mwaka 2017 alijibu kwa maandishi, ripoti ya kurasa kumi na nne yenye dibaji na shukrani kwa wazazi wake. Nakala moja alinipa mimi. Wakati ule meza yangu ilikuwa na mguu mmoja mfupi.

Idara yetu ina desturi moja, na wanaofanya kazi za mitambo popote wanaijua. Ukikuta mashine ambayo hujui kazi yake, unaizima, kisha unasikiliza. Mwenye nayo atapiga kelele. Siku thelathini zikipita bila kelele, mashine haina mwenyewe, inatupwa. Ni desturi nzuri, haihitaji mtu kusoma kurasa kumi na nne. Mwezi wa tatu mwaka huu Mkurugenzi Liang alitaka Mzee aondoke akiacha idara safi, na mashine ile ikawa ya kwanza kwenye orodha. Kikaoni Mzee alisema sentensi mbili tu, na kwa mtu wa masikitiko makubwa ningepaswa kushtuka. Alisema, “Msiizime. Someni ripoti.” Mkurugenzi akasema siku thelathini.

Aliyeizima ni mimi. Jumatano, tarehe 12 Machi, saa kumi jioni. Nilibonyeza swichi, ikanyamaza. Nikaibandua ile karatasi, nikaikunja, nikaitupa, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri sana. Miaka kumi na moja nilikuwa nimesoma neno lile kila nikipita.

Asubuhi yake Mzee alifika, akafungua kabati, akaangalia, akafunga. Akachemsha chai. Tulisubiri atoe tangazo la msiba, hakutoa. Tukasikiliza siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Hakuna aliyelalamika, si mwalimu, si mwanafunzi, si mlinzi. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba Mzee aliacha kula nasi kantini. Alibaki mezani kila mchana, miwani imeshuka puani, akiandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Nikaitangazia kantini nzima kwamba Mzee amepata mchumba WeChat. Tulicheka wiki tatu. Mpishi alianza kumpelekea supu, akisema penzi la uzeeni linachosha.

Siku thelathini zilipotimia, mashine ilifutwa kwenye daftari la mali, ikabaki kabatini ikisubiri gari la taka. Tarehe 18 Aprili ilikuwa siku ya kuwapongeza wafanyakazi, na Mkurugenzi Liang alitoa hotuba kuhusu chombo kilichokula umeme miaka kumi na sita bila kufanya kazi. Watu waligeuka kumwangalia Mzee, naye akatabasamu kama aliyesifiwa. Cheti cha Mfanyakazi Bora kilikwenda kwa Judica, kwa ujasiri wa kuondoa mifumo iliyopitwa na wakati: jalada jekundu, karatasi nzito, muhuri mwekundu wa Mkurugenzi. Mzee alikaa mstari wa pili. Alipiga makofi kuliko wote.

Sasa niwatambulishe Nahla, ingawa mmeshamwona, ndiye mshereheshaji wetu leo. Nahla ametoka Zanzibar, amesoma hapa miaka minne shahada ya uzamivu katika uchakataji wa maji taka, na alikuwa amepangiwa kuitetea tasnifu yake tarehe 28 Mei. Ijumaa ya tarehe 2 Mei, katikati ya mapumziko ya Mei Mosi, ofisi zote zimefungwa, alifungua pasipoti yake ili aupige picha ukurasa kwa ajili ya fomu ya utetezi. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kinakwisha tarehe 6 Mei, siku ile ile ambayo ofisi zingefunguliwa. Akikipitisha hata siku moja, angeingia kwenye kosa, na kanuni ya chuo inasema wazi kwamba mwenye kosa hilo hatetei kitu. Miaka minne ingeishia uwanja wa ndege.

Mtauliza, msomi wa kiwango hicho anasahauje tarehe yake? Hakusahau. Hakuwahi kuihitaji. Kila mwaka, siku thelathini kabla, ujumbe ulimfikia kwenye simu, kwa Kiswahili, ukimwambia muda umekaribia, aje dirisha namba tatu. Ujumbe ukija, anakwenda. Mwaka huu haukuja, akajua bado. Chuo nacho hutuma taarifa yake, kwa Kichina, ndani ya mfumo, chini ya tangazo la maji ya moto.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mashine ya chini ya ngazi. Ilisoma tarehe za vibali vya wageni wote wa chuo, na kila mmoja ilimwandikia kwa lugha yake: Kiswahili, Kifaransa, Kiarabu, na nyingine sita ambazo wanafunzi wenyewe walimtafsiria Mzee mmoja baada ya mwingine. Wote tulidhani ni ofisi ya kimataifa inayotuma. Ofisi ya kimataifa ilidhani ni sisi. Na desturi yetu ya kuzima na kusikiliza ikashindwa hapo hapo, kwa sababu mtu hapigi kelele kwa ajili ya ujumbe ambao hajui kwamba ungekuja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tulikipa kimya kile cheti.

Nahla alimpigia Mzee. Mzee alinipigia mimi Jumatatu jioni, na alichosema ni hiki tu: “Judica mwanangu, kesho vaa viatu vya kusimama.”

Alfajiri ya tarehe 6 tulikuwa wa kumi na tisa kwenye foleni ya ofisi ya uhamiaji. Karatasi za Nahla zilipaswa kuchukua siku tano kukusanywa, na zote zilikuwa ndani ya mkoba wa kahawia. Uthibitisho wa makazi ulitoka kwa mama mlinzi wa bweni, aliyekatiza likizo yake kuupiga muhuri. Barua ya chuo ilitoka kwa katibu wa ofisi ya kimataifa, aliyekuja kufungua ofisi siku ya sikukuu akiwa na binti yake yule wa kompyuta. Ile gereji niliyoilalamikia vikaoni ndiyo iliyokuwa imesimama nasi kwenye foleni. Nahla alikuwa akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, mimi Baba Yetu, na Mzee alikuwa ameinama anakagua waya wa mashine ya kutolea namba, ambao kwa maoni yake ulikuwa umefungwa vibaya.

Tulipokaa kusubiri, akatoa daftari la shule lenye mistari. Ndani yake yalikuwa majina, tarehe, na alama ya vema kando ya kila jina. La kwanza lilikuwa la tarehe 13 Machi, siku moja baada ya mimi kubonyeza swichi. Majina yalikuwa thelathini na nane. Yule mchumba wa WeChat, ambaye kantini nzima ilimcheka, alikuwa wanafunzi thelathini na nane, na Mzee alikuwa amewaandikia mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, saa ya chakula. Jina la Nahla lilikuwemo pia, lakini kwa tarehe ya Agosti. Alikuwa amebadilisha pasipoti mwezi wa pili na kupewa kibali kifupi. Mashine ilikuwa imeipata tarehe mpya, ila Mzee alikuwa akinakili kutoka kwenye karatasi aliyoichapa Januari. Mkono wa mtu una mwisho wake.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba ripoti iko chini ya mguu wa meza yangu tangu mwaka 2017, angeongeza nini? Kisha akaongeza, kwa upole ambao sitamsamehe haraka, kwamba wakati anafikiria kusema, cheti kilikuwa kimeshachapwa jina langu.

Niliona aibu. Nimeitafutia neno jingine lenye heshima zaidi, sikulipata. Lakini mimi ni Mpare, na Mpare haachi kesi kwa sababu ya aibu, kwa hiyo na wewe Mzee nakushtaki mbele ya watu wote hawa. Ulikosea. Ungegonga meza. Ungemwaga chai. Ungetoa tangazo la kifo la kurasa tatu, unajua kuyatoa hata kwa swichi. Badala yake ulikaa kimya ili usinivunjie sherehe, na ukimya wako ulikuwa karibu umgharimu mtoto wa watu elimu yake, kama ujinga wangu ulivyokuwa karibu kumgharimu. Tugawane kosa. Mimi nachukua kubwa.

Saa nne kasorobo mama wa nyuma ya kioo aliipekua pasipoti ya Nahla mara mbili, akaangalia kalenda, akamwangalia Nahla, akaangalia kalenda tena. Akagonga muhuri na kumpa stakabadhi ya kumruhusu kukaa wakati kibali kipya kinashughulikiwa. Nahla alilia. Mzee akampa leso, na kama ningekuwa na shaka na habari hii yote, ningeiamini pale, maana leso ilikuwa kipande cha kitenge cha maua ya njano. Uliza kwanza. Tarehe 28 Mei Nahla alitetea tasnifu yake kwa saa mbili na nusu, akafaulu. Mwiteni daktari mkitaka chakula.

Mchana ule ule wa tarehe 6 niliiwasha mashine. Ilikohoa, ikanguruma. Nilikwenda kwa Mkurugenzi Liang nikamweleza kila kitu, na kwa haki yake niseme kwamba hakukasirika. Aliomba maelezo mafupi kwa maandishi. Nilimpa zile kurasa kumi na nne, zenye alama ya mguu wa meza katikati. Alisema atazisoma. Bado anazisoma. Mpaka leo, kwa mujibu wa daftari la mali la idara, mashine ya chini ya ngazi haipo, na chombo kisichokuwepo kinaweza kuzimwa na yeyote mwenye ujasiri na tamaa ya cheti. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimnyima Mzee usingizi mwezi huu. Hakuniambia, nilimwona anapita mbele ya kabati mara nne kwa siku.

Kwa hiyo, Mzee, sikiliza nilichofanya. Karatasi yako ya zamani niliitupa mwenyewe, siwezi kuirudisha. Nilihitaji karatasi nzito. Nilikitoa cheti changu cha Mfanyakazi Bora kwenye jalada lake, nikakigeuza, na kwa nyuma nikaandika USIZIME, kwa Kiswahili, Kichina na Kiingereza, kwa mwandiko mbaya kuliko wako. Nimekibandika pale pale. Atakayekibandua atakuta upande wa pili muhuri mwekundu wa Mkurugenzi, na katika jengo letu hajazaliwa mtu wa kutupa karatasi yenye muhuri ule. Kando yake nimefunga kitenge chekundu. Marijani amekata mwenyewe, bila kunung'unika.

Limebaki moja, la siku ya kazi ya kwanza ya mwezi wa sita. Nilikuwa dirishani, nimeinamia fomu, nikasikia mtu amegonga kioo kwa nje. Nilipoinua macho nilimwona Mzee Respicius amesimama upande wa wanafunzi, nyuma ya mstari wa njano, mkononi ana pasipoti na picha mbili. Akaniwekea simu yake kwenye kioo. Mwaka 2009, alipokuwa akiijaribu mashine, jina la kwanza aliloliingiza lilikuwa lake, na tangu hapo ilimkumbusha kila mwaka kama inavyomkumbusha mgeni yeyote. Mwaka huu ilikuwa imemwandikia tarehe 31 Mei, kwa maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe: “Ndugu Respicius, habari hizi zikufikie popote ulipo. Siku zako za kukaa zimebaki thelathini. Usingoje. Njoo dirisha namba tatu na pasipoti na picha mbili. Usipoelewa, njoo tu, tutaelewana.”

Akasema, “Nimeitwa.”

Niliipokea pasipoti. Niliifungua, nikaifunga. Chuo hakiajiri mgeni aliyevuka miaka sitini, na mimi kwenye dirisha lile sikuwa na fomu ya kumpa. Yule ambaye hakumwacha mgeni yeyote apitwe na siku, ya kwake ilikuwa imefika, na nilichoweza kumfanyia ni kumwambia aingie ndani, chai iko tayari. Picha moja nimeibakiza. Humo hajafumba macho.

Asante, Mzee, kwa niaba ya majina yote yaliyomo ndani ya mashine, ambayo mengi hayakujua kwamba ni wewe. Idara itakukabidhi leo chupa ya chai yenye maandishi ya dhahabu. Itakuwa ya kumi na mbili, vumilia. Tunakuombea safari njema, afya, na senene wa kutosha kila msimu. Na kwa kuwa tangazo hili ni la mwisho kutoka dawatini kwako, niruhusu nilitoe kwa lugha yako: kwa masikitiko makubwa, habari hizi ziwafikie watu wa Kamachumu, ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo. Mtu wenu anapanda ndege Jumatatu usiku, anawafikia Jumanne. Tunamrudisha mzima, anafanya kazi vizuri, na maelezo yake ni kurasa kumi na nne. Zisomeni.